Dosye Nilimokuficha

Mpendwa dada Solange,

Kabla ya salamu, kabla sijauliza habari za watoto, soma hili kwanza: mama yako ni mzima. Yuko hapa mjini Baraka, nyumbani kwangu. Sasa hivi amekaa mlangoni mwa jiko anachambua majani ya mihogo ya kupika sombe na kunung'unika kwamba ninayatwanga vibaya. Hakufa. Matanga mliyofanya, mlimlilia mtu anayekula na kusema. Na kosa ni langu, si la mtu mwingine yeyote.

Ninakuandikia hadharani kwa sababu anwani yako ya barua pepe haipokei tena. Nimeijaribu mpaka nimechoka, kila mara barua inanirudia. Kwa hiyo maneno haya yatasomwa kwenye redio yetu ya hapa, na nakala nitawapa wale wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda wenye ndugu ng'ambo ya ziwa. Watu watayasikia na watanisema. Waniseme.

Unakumbuka siku ile ya kwanza ulipovuta kiti karibu na mashini yangu ya kompyuta, pale kwenye biro, ofisi ya chama cha wakulima? Ulitazama sanduku langu la barua pepe ukashika kichwa. "Yesu wangu! Mama Riziki, hii ni sanduku ao ni gala ya mihogo?" Nilikasirika, nikwambie ukweli. Mimi niliyekutangulia kwenye kazi, mimi niliyekuonyesha hata mahali pa kuweka muhuri, halafu wewe binti wa kule mlimani Bibokoboko unakuja kunicheka. Lakini ulikuwa na haki. Barua elfu na kitu zilikuwa zimelundikana, za shefu, mkubwa wetu wa kazi, juu ya za mbegu, salamu za Pasaka juu ya matangazo ya viatu, na mimi ninateremka na kidole tangu asubuhi kutafuta moja.

Ulifanya kazi siku mbili. Ulibana mistari ili barua za siku nzima zionekane kwa jicho moja. Uligawanya kioo, orodha upande huu, barua yenyewe upande ule, nikawa ninasoma bila kufungua na kufunga. Ulitoa ule mtindo wa kufunga barua za jambo moja pamoja, kwa maana jibu jipya la shefu lilikuwa linajificha chini ya yale ya zamani. Ukaweka rangi: kijani za mbegu, nyekundu za shefu, buluu za ripoti. Mwishoni ukanifundisha kuandika kanuni. "Unaambia mashini mara moja tu: barua ya huyu, peleka kule. Basi, haisahauke." Nikasema, "Kama mutoto mwenye adabu." Ukacheka. "Hapana, mama. Mutoto anaulizaka. Hii haiulizake."

Siku za soko mama yako alishuka kutoka mlimani na maziwa, akapita kutusalimu. Tulikunywa na mihogo ya kuchoma, sisi watatu, mlango wazi. Alisimama nyuma yetu akitazama zile rangi kwenye kioo na kuuliza, "Bale bantu bote banaandikia ninyi babili tu?" Nami nilimpa ndagala wa kupeleka nyumbani, kwa uchokozi tu, nikijua kwenu samaki haliwi. Alikuwa anawapokea kwa ncha za vidole, huku amegeuza uso, na anasema aksanti. Tulikuwa tunacheka mpaka shefu anagonga ukuta.

Halafu mambo yakaharibika kati ya watu wenu wa mlimani na sisi wa huku ziwani. Sina haja ya kukueleza wewe jinsi yalivyoharibika; ng'ombe wenu, nyumba zenu, na huku chini pia watu walizika watu wao. Kila mtu mjini akaanza kusikiliza jina kabla ya kusikiliza salamu. Ulipoondoka kuvuka ziwa hatukuagana vizuri. Uliniachia funguo na kusema utaniandikia.

Ukaniandikia. Na jina lako likakaa pale juu, jeusi na nene, jina zima la ukoo wako, na picha yako kwenye duara. Unajua mashini yetu ilivyokaa: kioo kinatazama benchi la wageni. Siku moja mtu aliyekuja kuandikisha shamba lake alikuwa anangoja muhuri. Akainama nyuma ya bega langu akasoma jina lako kwa sauti. "Kumbe bado munaandikianaka na hawa?" Hakutukana. Aliuliza tu, akatabasamu, akaketi tena. Solange, nikagonga muhuri wake juu chini.

Alipotoka nilitengeneza kanuni. Kwa ujuzi ulionipa wewe. Barua yoyote inayotoka kwa Solange: isipite kwenye sanduku la mbele, ihesabiwe kama imekwisha kusomwa, iende kwenye dosye, folda ya pembeni. Na dosye nikaiita "Mbegu za zamani," kwa sababu nani atafungua kitu chenye jina kama hilo? Ningeweza kugeuza meza! Leo ninajiuliza mara ngapi kwa siku, kwa nini sikugeuza tu meza. Lakini ningegeuza, wangeuliza ninaficha nini. Nilikuwa ninaogopa, basi. Nilikuficha kwa sababu niliogopa, na nilijiambia ninakulinda wewe.

Mwanzoni nilifungua kila Ijumaa biro likiwa tupu, nikakujibu. Majibu mafupi, wewe mwenyewe uliyaona. Kisha betri za sola zikafa, mashini ikalala kabatini, nikawa ninafanya kazi zote kwa simu. Kwenye simu sanduku la mbele tu ndilo lililoonekana. Hakukuwa na namba nyekundu ya kuniambia kuna barua mpya, maana niliiamuru mashini iseme zote zimesomwa. Wiki ya kwanza nilikuwaza. Wiki ya pili nilijiambia, "Solange naye amenyamaza, labda amepata kazi." Na baadaye nilisahau. Sitafuta neno hilo nitafute lingine zuri zaidi. Nilikusahau.

Mashini iliporudi kazini, ikanitangazia kwamba nafasi imejaa, nipunguze. Nikawa ninapitia dosye moja moja, ninafuta. Nilifika kwenye "Mbegu za zamani" na kidole kikawa tayari kwenye alama ya kufuta. Nikaifungua kwa mazoea tu. Juu ya zile nilizokwisha kujibu, barua zako tisa nisizozisoma.

Ya kwanza: "Mama alibaki nyuma yetu. Nasikia alishuka na bantu ba kanisa, iko Lweba kwa mama mumoja wa ndagala. Dada, umuendee. Uniambie tu kama iko." Ya tatu: "Najua uko na kazi mingi. Hata neno moja." Ya sita uliniomba msamaha kwa kunisumbua. Wewe uniombe mimi msamaha! Na ya tisa ninaijua kwa moyo: "Mama Riziki, nimeelewa. Angekuwa muzima ungeshanijibu, we ni muntu wa kujibu. Ulikosa namna ya kuniambia. Jana tulifanya matanga. Aksanti kwa kunionea huruma. Hapa kazi imeisha, na hii adresi nayo itafungwa."

Nilipiga yowe. Watu wa benchi wakakimbilia, wakidhani nimeumwa na kitu.

Nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, siku ileile nikaenda Lweba nikiwa na hakika nitaonyeshwa kaburi. Nikaulizia kwa wanawake wa samaki. Wakanielekeza kwenye uwanja wa kuanika, na pale nikamwona mwanamke mrefu, aliyekonda, ameinama anageuza ndagala mchangani kwa fagio la kijiti. Nikaita. Akainuka, akanitazama sana, akasema, "Mama Riziki. Umekawia." Hivyo tu. Kisha akaanza kunicheka kwa jinsi nilivyokuwa ninalia. "Usilie. Ona, sasa ninakulaka ndagala hata kichwa."

Mama aliyempokea aliniambia kwamba kwa miezi mingi mama yako alikuwa anakaa kando ya barabara kila siku ya soko, maana kuja Baraka mwenyewe aliogopa. Akiulizwa anamngoja nani, anasema, "Muntu wa biro. Mutoto wangu atamuandikia." Baadaye akaacha kwenda barabarani, lakini hakuacha kusema nitakuja.

Alipokuja kwangu aliuliza kwa nini nilichelewa. Nikamjibu, "Ni rezo, mama. Rezo ilikuwa mbaya." Akakubali. Hapa nani asiyekubali kwamba rezo, mtandao wa simu, ni mbaya? Kila asubuhi aliweka mkono wake kichwani pangu kabla sijaenda kazini, ananiombea kwa Kinyarwanda, na mwisho ananiita mwana wanje, mtoto wangu. Nami nilikuwa ninapokea ile baraka kichwa chini, kama mwizi. Watoto wangu wanamwita koko, bibi yao. Amewafundisha kutengeneza siagi kwa kutikisa chupa.

Mara ya kwanza nilipokuandikia haya, nilikuwa nimeyapunguza. Niliandika kwamba barua zako zilipotea, kwamba mama yako ni mzima, uje au utume neno. Ingetosha. Lakini nikawaza kwamba yatasomwa kwenye redio, na mama yako redio anaisikiliza. Na nikakuwaza wewe ukisikia "zilipotea" na kujiuliza ni mtego wa nani, nani anatumia jina la marehemu mama yako kukurudisha huku. Mimi ningekuwa wewe nisingeamini.

Basi leo asubuhi nilikaa naye nikamsomea yote, na ya benchi, na ya kanuni, na ya kusahau. Alisikiliza akiwa ameshika fundo la kanga yake. Nilipofika kwenye matanga akaniomba nirudie. Nikarudia. Alilifungua lile fundo, akalifunga tena. Kisha akasema, "Iache vile. Usipunguze kitu. Akisikia ile mubaya, atajua ni we kweli, na atajua miye niko muzima."

Nikainamisha kichwa kabla ya kutoka, kama kila siku. Hakunyosha mkono. Aliniambia tu niende nisichelewe, barua ifike.

Solange, ukisikia haya, au ukiambiwa na aliyesikia, piga simu kwenye redio uulize, watanijua. Si lazima useme nami. Sema naye.

Mimi,
aliyekuwa dada yako wa biro