Chumba cha Joyeuse

Goma, Ndosho, 3 Juni 2012

Yaya Angèle, dada yangu mkubwa,

Habari za Butembo? Miguu imeacha kuvimba? Sisi tunapumua. Nampa dereva wa lori barua hii kwa sababu kwenye simu siwezi kusema, Donat yuko karibu daima.

Nimechoka na mume wangu, Yaya. Mabidoni ya maji anayokusanya yamefika darini, mabashi, yale maturubai ya wakimbizi, yamejaza chumba cha watoto, na kutoka kitandani hadi mlangoni napita ubavuubavu. Nikimwambia tutoe, anajibu: "Mama Joyeuse, ulishasahau Lionel?" Sijasahau. Mtoto wangu alinyeshewa njiani tulipokimbia Rutshuru bila bashi hata moja, na hakupona. Basi naviacha vitu vikae, kisha najichukia.

Joyeuse, huko Butembo kwa mumewe, ana mimba ya kwanza. Mimba ya kwanza binti huzalia kwa mama yake. Nitamlaza wapi?

Mdogo wako, Kaswera

Butembo, 24 Juni 2012

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Miguu ni ya uzee, iache. Joyeuse mzima, anakula udongo kwa kujificha kama wewe zamani. Atajifungua mwishoni mwa Novemba, na anasema hataki mikono ya mama mkwe, anataka yako.

Usigombane juu ya mabashi. Mwambie Donat mjukuu anakuja. Akikataa, panda lori uje kwangu. Kitanda kipo.

Yaya yako, Angèle

Goma, 15 Oktoba 2012

Yaya mpenzi,

Hamjambo? Barua yako ilikwama tangu waasi walipochukua Rutshuru. Imefika juzi, nami nikampa Donat aisome mwenyewe.

Ametoa vitu, Yaya. Aliwagawia mabashi wakimbizi waliofika majuzi, na kamba akawafungia yeye. Alikuwa analia, nami nikilia huku nikimsaidia. Mabidoni tu ndiyo yamebaki, yako uani. Kumbe chumba kile cha watoto kina dirisha! Nimetandika kitanda. Mlete Joyeuse njia ikiwa bado inapitika.

Mdogo wako, Kaswera

Butembo, 9 Novemba 2012

Kaswera wangu,

Tuko salama, na nyinyi? Joyeuse anapanda gari Jumatatu, tarehe 19. Mchemshie maji. Mpe Donat pongezi, mwambie zimetoka kwangu.

Yaya yako, Angèle

Goma, 16 Desemba 2012

Yaya,

Mzazi anaendeleaje? Maziwa yametoka? Uliposema kwenye simu gari liligeuzwa njiani na amezalia kwako, msichana, mtandao ukakatika. Nilikaa kwenye kitanda chake nikalia.

Mji ulipoingiwa na waasi, maji yalikatika. Watu walishuka ziwani risasi zikilia. Sisi tulikuwa na mabidoni ya Donat, yamejaa maji ya mvua, na majirani wote wakaja kuteka kwetu. Mama Védaste alimpigia magoti: "Papa Donat, weye ni mutu ya akili sana." Donat alinitazama tu.

Sasa kila jioni anarudi na kitu. Chumba cha Joyeuse kimejaa tena, dirisha silioni. Nitamwambia Donat nini? Maji yake niliyanywa.

Dereva ameniambia unataka kunitumia kitenge alichofungiwa mtoto siku ya kwanza. Natamani sana kukinusa. Lakini usikitume, Yaya. Kinachoingia nyumba hii hakitoki. Na kile kitanda ulichoniwekea, mlaze Joyeuse.

Mdogo wako Kaswera, koko, bibi wa mtoto nisiyemwona