Chumba cha Mama Kule Uani

Jumamosi, Oktoba. Nyasubi, Kahama. Mvua bado, vumbi tele, na jua la leo ungeweza kukaangia karanga juu ya bati.

Naandika nikiwa na aibu. Nalisema mapema nisije nikajipamba huko mbele.

Wanaonisoma humu wanaujua wimbo wangu. Mimi ni mchora ramani za nyumba, na kila mara naandika kwamba nyumba nzuri ni ile inayojipoza yenyewe. Ielekeze kaskazini na kusini, ili jua la jioni likute ukuta mnene na si dirisha. Paa lichomoze nje, kuta zipate kivuli. Madirisha yatazamane, upepo upite. Utalala vizuri, luku haitakuishia ovyo, na umeme ukikatika wala hutashtuka. Yote hayo ni kweli, sijadanganya hata neno.

Tatizo ni nyumba yangu mwenyewe.

Kiwanja changu kimepakana na lami upande wa magharibi, na hapa kwetu ukijenga nyumba isiyotazama barabara, watu wanasema umewanunia. Basi nikaielekeza huko huko magharibi. Nikaweka vioo kuanzia sakafuni hadi juu, na paa la kuficha, lililozama nyuma ya kuta, lisilo na kivuli hata cha kuku, kwa sababu ndiyo fasheni, na kwa sababu nilitaka wanaopita waulizane ni ya nani. Ikifika saa nane jua linaingia sebuleni na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Feni inazungusha joto lile lile.

Mama yangu alipohamia kwangu kutoka kijijini, huko karibu na Mwakitolyo, alivumilia kidogo, kisha akaomba chumba uani. Alichotaka ni pa kupumzika mchana tu. Kikajengwa cha tofali za udongo, kuta nene, nyasi juu, vidirisha viwili vinavyotazamana, nyuma ya mwarobaini. Sikuchora hata mstari mmoja. Yeye ndiye aliyesimama na mafundi, mimi nikiona haya kwamba mchora ramani ana kibanda cha nyasi uani. Wateja wakija, huwa namwambia afunge mlango.

Leo wamekuja Baba Neema na mkewe, kutoka Katoro. Wana duka la vipuri vya pikipiki, wanataka kujenga, na wamenisoma sana. Walinipigia simu wakiwa tayari getini, eti wanataka kuiona kwa macho nyumba ya mwandishi mwenyewe. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikawakaribisha sebuleni. Haukupita muda Baba Neema akawa anajifuta shingo na leso, na mkewe anajipepea na kitambaa cha kochi. Wakaendelea kutabasamu. Ni watu wenye adabu zao.

Mama akaja kuwasalimia. Wakampa shikamoo, akaitikia, akawatazama wanavyotiririka jasho.

"Njooni kwangu huku nyuma," akasema. "Hapa mtaiva."

Wakainuka wakamfuata. Mimi ningefanyaje? Nikafuata pia.

Mle ndani kulikuwa na ubaridi wa mtungi. Mama Neema alikaa mkekani, akafumba macho, akashusha pumzi. Mumewe akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo, kisha akanigeukia.

"Sasa hii ndiyo ile unayoandika. Hii ndiyo tunayoitaka. Uliichora wewe?"

Nikasema ndiyo.

Ilinitoka hivi hivi, na mama yangu amesimama pale pale. Nikasubiri agune, au acheke, au aniulize niliichora lini. Angefanya lolote kati ya hayo ningeumbuka mara moja yakaisha.

"Ndiyo," akawaambia wageni. "Mwanangu ndiye aliyenijengea. Ananijali sana."

Mama yangu hasemi uongo. Leo kausema mbele ya wageni, kwa ajili yangu, na uso mkavu. Wageni wakaondoka wamefurahi na wameniachia kazi ya kuchora.

Jioni nilimfuata kumwomba radhi. Alikuwa mlangoni pake anachambua mlenda. Nikasimama mbele yake. Akaninyanyulia macho, na nadhani alifikiri nimekasirika kwa vile aliwatoa wageni kwenye sebule yangu.

"Nisamehe, ng'wana wane," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu utotoni, yaani mwanangu. "Ungeniambia kuna wageni, ningefunga mlango."

Nikarudi ndani, radhi yangu sijaiomba.

Kesho, kabla ya ibada, nitawapigia simu wale wa Katoro niwaambie chumba kile ni cha nani na nani alisimama na mafundi. Wakiamua kumtafuta mchoraji mwingine, ni haki yao. Hilo nitaliweza.

Ila kwa mama sijui nianzie wapi. Mtu akishakuomba radhi kwa kosa lako wewe, unamwambiaje nisamehe?