Kwa Mtukufu Baba Pacha

Jumatatu, 3 Machi
Baba Pacha kaletewa swali la mwisho la chuo cha wachungaji: nani aliandika Injili ya tatu, aliwaandikia nani, kwa nini? Kurasa kumi. Asipofaulu hawekewi mikono mwezi ujao, na tutabaki Mwinjilisti na mke wa Mwinjilisti mpaka tuote mvi. Kaliweka juu ya cherehani yangu. Eti, Mama Pacha, liangalie tu. Liangalie! Insha nne nilizoziangalia zote zina jina lake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshona sare moja tu leo. Mwandishi huyu kanikosha! Injili nzima hajitaji — jina walimbandika wengine baadaye. Lakini bwana mkubwa anayemwandikia kamtaja mwanzoni kabisa, kwa heshima zote, na sababu kamwambia: awe na hakika na aliyofundishwa. Wasomi wanaona nyuma ya bwana huyo kulikuwa na kundi zima, wengi wao wageni waliojiuliza kama nao wana nafasi mezani. Hapo nililia kidogo. Sijui kwa nini. Najua.

Ijumaa, 7 Machi
Insha imekwisha! Juu nimeweka ukurasa wa utani na kuufunga kwa pini zangu za kushonea: "Kwa mtukufu Baba Pacha. Kwa kuwa vikao havikuachi, mimi nimesoma kwa niaba yako, ili siku ukisema unajua, uwe unajua kweli." Akiuona atacheka. Labda ataniuliza nimeyatoa wapi yote haya.

Jumamosi, 8 Machi
Hakucheka. Hakusoma! Kaipeleka kwa mpiga chapa, kisha chuoni moja kwa moja. Nikamwuliza, na ukurasa wa juu? Eti, upi? Nikatoka mbio kwa mpiga chapa. Dada wa watu ananisifia: ile dibaji ilimpendeza, kaipiga kwa herufi nene. Na iko chuoni tayari!

Jumatano, 12 Machi
Roho juu. Nimeshona mkono wa kushoto kulia. Yeye anapiga mluzi na kujaribu kola ya kichungaji kwenye kioo. Sijamwambia.

Ijumaa, 14 Machi
Imerudi. Mwalimu wake kaandika kwa wino mwekundu: "Bora kuliko zote mwaka huu. Mwandishi hakujitaja. Aliyeandikiwa katajwa, ila inaonekana hajaisoma. Aisome. Jumatatu waje wote wawili."

Nilidhani atafoka. Kavuta kiti changu cha cherehani, hajawahi kukikalia, akaanza kusoma. Ukurasa wa juu kaurudia mara tatu. Nimejifanya natarizi, nimejichoma kidole, nikaacha nikachukua daftari hili. Natamani acheke. Natamani asicheke.

Kafika ukurasa wa sita, wa wageni na meza. Ile kola, aliyokuwa anaijaribu tena, kaivua.

"Mama Pacha," anasema, "hapa ulikuwa unamwandikia nani?"

Anasubiri. Mimi naandika, kama vile sijasikia.