Jiwe la Jikoni kwa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Huku tunaendelea. Jikoni kwa mama tunaweka jiwe jipya juu ya makabati. Fundi alileta vipande viwili vya mfano. Mama akavipapasa, akakiacha chenye ukingo mkali, akachukua chenye ukingo wa mviringo. Sinki akataka lifungwe chini ya jiwe, lisiwe na mdomo uliotokeza juu, asije akagonga vyombo.

"Na rangi, mama?" fundi akauliza.

"Yoyote, mwanangu. Mimi nitalijua kwa mkono."

Fundi akanitazama.

Macho ya mama yamekwisha, kaka. Alinikataza kukwambia, usije ukaacha kazi. Picha uliyotuma aliishika siku nzima, kisha akaniuliza kama umenenepa. Nikasema ndiyo. Njoo, akupapase uso mwenyewe.

Ni mimi, mdogo wako