Nilibadilisha Foronya

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na usinicheleweshe, maana daktari amekwisha kulikunja faili langu, na mimi niliyefundisha shule miaka thelathini na minane najua madaftari yakianza kukusanywa kengele iko karibu.

Nilizaliwa katika ukoo wa washona mito. Kila mjukuu alipozaliwa, bibi alimjazia mto wa sufi na kumshonea kipaji chake ndani ya pembe moja, mtoto akaulalia mto huo mpaka asubuhi ya kutimiza miaka kumi na mitano, ndipo akaifumua pembe kwa mkono wake na kilichomo kikawa chake. Mama alipata kuita vitu vilivyopotea vikaja vyenyewe, mjomba akapata kusimamisha mvua kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akawa anakitumia kipaji hicho kuanikia suruali zake, na sisi watoto tuliyaona hayo kuwa ya kawaida kama moshi wa jikoni.

Mimi na mdogo wangu tulilala chumba kimoja. Mto wake ulikuwa mwepesi hata dirisha likifunguliwa uliinuka kitandani ukaelea polepole, kama wenyewe ndio unaoota, na wangu ulikuwa mzito kama umelowa, na wivu haupigi hodi, kwa hiyo wiki moja kabla ya siku yangu, yeye akiwa anaoga, nilibadilisha foronya, na alipolalamika kwamba mto wake umekuwa mzito nikamwambia ni kichwa chake kinakua.

Siku yangu ilipofika nilifumua pembe nikaelea shibiri moja juu ya sakafu. Wote walifurahi isipokuwa bibi, aliyevitazama vidole vyake akasema, "Nilidhani wewe nilikushonea kingine. Basi macho yamenitupa mkono." Hakushika sindano tena mpaka alipokufa. Mdogo wangu alipofumua wake hakikuonekana kitu. Alikaa na sufi mapajani, akasema labda chake kinachelewa.

Sasa nina miaka themanini na moja, yeye sabini na tisa, ndiye anayeniuguza, huniletea maji kabla sijaona kiu, hunifunika blanketi zito na kulichomeka chini ya godoro pande zote hata wakati wa joto, na hajawahi kuniuliza neno. Bibi alisema kipaji huweza kuhamishwa kiganja kwa kiganja, mradi anayekitoa yu hai na ametaja jinsi kilivyomfikia. Nikinyamaza kitakufa nami. Nikisema, nitakufa nimechukiwa na mtu pekee niliyebaki naye. Nifanye nini?

Dada Mkubwa

Shikamoo, Dada Mkubwa. Pole kwa maradhi. Kwa hayo mengine sina pole ya kukupa.

Ulimwibia mtoto aliyekuwa bafuni, ukamwacha bibi yako aamini kwamba macho yake yamemsaliti. Hilo la bibi halina dawa tena, libebe. La mdogo wako lina dawa, nawe umeishika mkononi miaka sitini na sita huku ukisahihisha makosa ya watoto wa watu.

Sasa isome barua yako mwenyewe, mwalimu. Mto mzito haukuwa mtupu. Anayeleta maji kabla ya kiu anasikia yasiyosemwa, na hicho ndicho bibi alichokushonea wewe. Na nani humfunika mgonjwa blanketi zito wakati wa joto, akalichomeka pande zote? Ni yule anayejua kwamba ukipitiwa na usingizi utaelea. Amekusikia miaka yote hiyo, mama, na bado anakuletea maji. Hasubiri kujua. Anasubiri kuambiwa.

Usimwandikie, wala usimtume mtu. Leo akiingia na bilauri, mwombe aketi, umwambie, "Nilibadilisha foronya." Usiongeze sababu, sababu nazo ni blanketi. Akilia, mwache alie. Akitoka, mwache atoke, atarudi kabla hujamwita. Halafu mpe kiganja chako.

Ila kwanza mwambie afunge dirisha.