Goti Nililokuficha, Tata

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Naandika nimekaa, mguu wa kulia nimeunyoosha juu ya kigoda, na leo sikufichi kitu. Ulikufa ukiamini binti yako ameingiwa na maringo ya mjini. Si kweli, na ni mimi niliyekuacha uamini hivyo.

Unaikumbuka ile mechi ya netiboli ya shule kule Songambele? Ulitoka Bugomora kwa baiskeli, umevaa koti lako la kanisani. Nilicheza GK, mlinzi wa mwisho, kazi yangu kumzuia mfungaji asitumbukize mpira kwenye pete. Nikamsogelea mno, filimbi ikalia, mwamuzi akaniita. Alikuwa mwalimu, mama mtu mzima. Bila kufikiri nikapiga magoti palepale uwanjani, kama binti wa kwetu anavyoamkia wakubwa: "Shikamoo, mwalimu." Watu waliangua kicheko, nikatamani ardhi ipasuke inimeze! Wewe hukucheka. Ulisema kwa sauti, "Huyo ni wangu. Amelelewa huyo." Tangu hapo kila mgeni aliyekanyaga kibanja chetu cha kahawa alisimuliwa kisa hicho, mpaka nikawa nakimbilia jikoni kwa aibu.

Baadaye timu ya Dar es Salaam ikaniajiri. Mlinzi hasifiwi, Tata, anayebebwa juu ni mfungaji. Mimi raha yangu ilikuwa kuona mpira umegusa ncha za vidole vyangu ukapotea njia. Ulinipigia simu baada ya kila mechi, na swali lako lilikuwa lilelile: "Yule wako wa kumzuia amefunga mangapi?" Yakiwa mengi ulisema tu, "Haya, kula ulale."

Mwaka jana niliruka kudaka pasi nikatua vibaya, goti likatoa mlio ambao bado nausikia. Mkataba ulikuwa unakaribia kuisha. Nikafunga bandeji nikaendelea kucheza. Nilimficha kocha, nikakuficha na wewe, maana nilikujua. Ungesema "rudi nyumbani", na mimi ningerudi.

Ndipo nikaja likizo. Ulikuwa umekaa mlangoni unachambua kahawa, majirani wawili, wazee wenzako, wako kando yako. Chini ya kitenge goti lilikuwa limevimba, halikunjiki hata kidogo. Nikakuamkia nimesimama. Nimesimama, Tata, mbele ya wazee! Mikono yako ikaacha kuchambua. "Marahaba," uliitikia, macho kwenye kahawa. Mzee mmoja akasema, "Mjini huko ndivyo walivyozoea." Ukarudi kuchambua. Siku nne nilizokaa wageni walikuja, na kisa cha Songambele hukukisimulia hata mara moja. Kila siku nilijiambia kesho nitamweleza. Kesho ya mwisho nikapanda basi.

Hazikupita wiki nyingi, kaka akanipigia simu kwamba umeanguka kibanjani na hukuamka.

Siku ya kukuzika wanawake walipiga magoti kando ya kaburi. Mimi nilisimama tena, nimeshika bega la kaka. Shangazi akaninong'oneza kwa ukali, "Hata leo, Koku?" Nikapandisha kitenge akaona. Akashika mdomo.

"Baba yako alijua?"

Nilitikisa kichwa. Hapo ndipo shangazi alipoanza kulia upya, na safari hii sijui kama alikuwa anakulilia wewe au mimi.

Juzi nilimweleza kocha ukweli. Alikasirika, kisha akanishika mkono. Daktari anasema nikipasuliwa nitatembea vizuri, lakini kuruka ndiyo basi. Nimekubali. Jezi nimeirudisha. Wenzangu wanadhani nalia kwa ajili ya mpira, wananipa pole za mpira. Mpira nitazoea kuukosa. Kinachonishinda ni ile marahaba yako, na kujua kwamba ningetamka neno moja tu, "linauma", ungeinuka wewe mwenyewe ukanishika mkono, na wale wazee wangetupisha njia.

Pumzika, Tata.

Binti yako,
Koku