Kaka, Mama Anakwenda Kwao Owen

Kaka Josué,

Simu hupokei, ujumbe hujibu, kwa hiyo nakuandikia hapa kwenye ukurasa wa jumuiya yetu, palepale ambapo video yako iliwekwa kabla hata hujavua jezi. Watu wa kwetu wote wameshatoa maoni juu ya ngumi zako, wengine kwa herufi kubwa tupu. Naona si vibaya na mdogo wako akitoa yake. Unanijua nilivyo na haya. Mwalimu akiita tu jina langu darasani nasahau hata nilichokuwa nakijua. Lakini Jumamosi mimi na Mama tunasafiri kwenda nyumbani kwao Owen, yule kijana uliyempiga mwezi uliopita akaanguka na kisogo chake kikagonga barafu. Ulikataza tusiende. Tunakwenda. Sikutaka uje usikie kwa watu wengine.

Tangu siku ile siwezi kutazama hoki ya barafuni bila kukukumbuka ulivyokuwa zamani. Nakumbuka uwanja wa barafu nyuma ya jengo letu hapa Etobicoke, mwaka ule tulipopewa viatu vya kuteleza kanisani, kutoka kwenye lundo la vitu vya watoto waliokwisha kukua. Vyangu vilikuwa vikubwa, ukanivalisha soksi zako juu ya zangu. Ulinishika kofia ya koti kwa nyuma ukawa unanisukuma na kusema, "Usiangalie miguu, miguu inajua. Angalia unakokwenda." Nilipoanguka watoto wakacheka. Wewe ukajiangusha pembeni yangu makusudi, ukalala chali mikono umeitandaza, ili wapate wawili wa kuwacheka badala ya mmoja. Nilikuwa na machozi usoni na bado nikacheka.

Ulipoingia timu ya mtaa, mimi ndiye niliyekuja kukutazama, kwa sababu Baba alikuwa barabarani na lori lake na Mama alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee. Nilikaa juu kabisa na kitabu changu, glovu moja nimeivua nipate kufungua kurasa. Mechi ikiisha unakuja na nywele zinatoa mvuke. "Umeona goli langu?" Nakujibu nimeliona. "Lilikuwa ukurasa wa ngapi?" Nilikuwa naliona kweli, Kaka. Niliyaona yote. Ulikuwa na namna ya kukisukuma kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira kama vile hukitaki, beki akilegea tu umeshampita.

Halafu ikaja ile mechi ya Scarborough. Sijui kama unaikumbuka kama ninavyoikumbuka mimi, maana wewe kila ikitajwa huondoka sebuleni. Siku hiyo Mama alikuwa na mapumziko, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kukuona ukicheza. Kijana mmoja mwenye nywele nyekundu alikupiga kwa gongo lake la kuchezea kwenye kifundo cha mkono, refa hakuona, ukatupa glovu ukamshukia kwa ngumi mpaka mkatenganishwa. Wazazi waliotuzunguka walishangilia, wa kwetu na wa kwao. Mama hakushangilia. Alinishika goti akauliza, "Wazazi wa yule mtoto wako wapi?"

Nilidhani anataka tu kujua. Kumbe mechi ilipoisha alichukua lile bakuli la mandazi alilokuletea wewe, akanishika mkono, tukasimama kwenye korido nje ya chumba cha kubadilishia nguo mpaka yule mwenye nywele nyekundu akatoka na wazazi wake. Mimi ndiye niliyetafsiri. Mama alisema, "Mimi ni mama wa yule aliyempiga mtoto wenu. Nimekuja kuomba msamaha." Yule baba akacheka, si kwa ubaya, akasema hakuna neno, ndiyo hoki, hata yeye alipigana sana enzi zake. Mama akaniuliza amesema nini. Nikamwambia. Akasema, "Mwambie nimesikia. Lakini mwambie tena kwamba naomba msamaha." Yule mama wa kijana akawa mwekundu shingoni, akachukua andazi moja, akampa mwanawe jingine. Kijana akala palepale. Wewe ukafungua mlango ukatuona.

Ndani ya basi ulijifunika kofia mpaka puani. "Umeniaibisha, Mama. Hapa watu hawafanyi hivyo. Ni mchezo!"

"Nani kakwambia nacheza?" Mama akakujibu. "Kwetu Uvira mwanangu akimpiga mtoto wa mtu, silali kabla sijafika kwao. Nimefika. Sasa nitalala."

Na kweli alilala, palepale kwenye basi, bakuli mapajani. Wewe ulikunja uso njia nzima. Mimi sikujua ni nani kati yenu aliye sahihi, na nilikuwa nakupenda sana hivyo sikutaka awe ni yeye.

Nafikiri aliyekubadilisha si kocha. Ni saluni ya Papa Deo. Atasoma haya, na namwomba asinikasirikie, kwa sababu amekunyoa tangu una meno ya utotoni na hajawahi kukuonyesha ubaya. Lakini yeye ndiye aliyekufundisha kwamba timu ya jiji letu inashindwa kila mwaka kwa kukosa mtu wa kutisha. "Tuna vijana wenye miguu," alikuwa anasema, mashine ikinguruma sikioni mwa mteja, "hatuna vijana wenye mikono. Wanacheza kama wanaogopa kuchafua jezi!" Na Kamau, yule dereva wa basi, Mkenya, alikuwa hakubali kabisa. "Wacha hizo, Deo. Mimi nikilipa tiketi nataka magoli. Nikitaka ndondi naenda kwa ndondi." Papa Deo akamgeukia na wembe mkononi: "Kamau, wewe hata maoni yako yanachelewa kituoni." Saluni nzima ikacheka, na Kamau mwenyewe akacheka.

Nami nilikuwa na upande wangu, ingawa sikuwahi kuusema kwa sauti mle ndani. Nampenda yule kiungo wetu mfupi, asiyepigana na mtu, anayetoa pasi bila kuangalia kama vile ana jicho begani. Ulikuwa ukinitania kwamba nampenda kwa sababu anavaa miwani akihojiwa.

Jioni ile tulipotazama mechi na wale wa Montreal, ndiyo huyo kiungo aliyesukumwa kwenye ubao wa pembeni akabaki chini. Wewe ulikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Watu wote wakawa wanapiga kelele, "Lipizeni! Lipizeni!" Mbabe wetu, yule aliyeletwa msimu ule kwa kupigana tu, akaruka ubao kutoka benchi, akamkamata yule Mmontreal kwa jezi na kumwangushia ngumi, na saluni ikalia jina lake kama kanisani siku ya Pasaka. Wewe ulisimama na shuka la kinyozi shingoni. Nilikuona kwenye kioo. Hukuwa unaitazama televisheni, ulikuwa unawatazama wao.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani uliniambia, "Umesikia walivyomwita? Hana hata goli moja mwaka huu, na wote wanalijua jina lake."

Nilitaka kukwambia kwamba wewe una magoli. Nilichelewa, ukawa umeshafungua mlango wa jengo.

Sasa uko kaskazini, kwenye mji wa kiwanda cha karatasi, kwa familia inayokulaza na kukulisha, unachezea timu iliyokuchukua kwa sababu ya mikono. Najua unatafuta njia ya kufika kwenye ligi kubwa, na najua watu wakubwa wamekwambia njia yako ni hiyo. Wanasema mbabe huwalinda wenye vipaji, kwamba bila yeye kila mtu angemvunja yule kiungo wangu wa miwani. Hilo nimelifikiria kwa haki kabisa, kwa sababu inawezekana ni kweli kidogo. Lakini nimetazama mechi yenu yote, si kile kipande kifupi kinachosambazwa. Owen hakuwa amemgusa mtu. Mlikuwa mmeachwa nyuma kwa magoli, uwanja umepoa, kocha akakugonga begani, ukaingia. Ukamsogelea Owen ukamwambia neno. Kocha wao naye alikuwa ameshamwingiza. Owen akaitikia kwa kichwa. Ndipo mkatupa glovu.

Mliombana ruhusa, Kaka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ngumi yenyewe. Hakuna aliyekuwa na hasira na mwenzake. Nikilikumbuka lile neno lako, na jinsi alivyoitikia, nashindwa kula.

Kwenye saluni waliirudia video mpaka Papa Deo akapaza sauti, "Huyo ni mtoto wetu! Kichwa hiki nimekinyoa mimi!" Nilikuwa nimekuja kumchukua Baba. Kamau aliinuka na ndevu zake hazijaguswa, akavaa koti, akasema, "Na huyo mwingine ni mtoto wa nani?" Akatoka. Hakuna aliyecheka safari hii, lakini video haikuzimwa.

Mama aliiona Jumapili, baada ya ibada. Mama Furaha wa kwaya alimpelekea simu usoni huku anamkumbatia: "Hongera, mwanao amekuwa maarufu!" Mama akatazama mpaka mwisho. Akauliza, "Huyu mtoto aliamka?" Mama Furaha hakujua. Mama akawauliza waliosimama karibu. Wote walikuwa wameitazama, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Kwa hiyo nilitafuta mimi. Aliamka. Yuko kwao, mbali kaskazini kuliko hata ulipo wewe. Hatacheza tena msimu huu na hakuna anayesema lolote juu ya msimu ujao. Mapazia ya chumba chake hayafunguliwi kwa sababu mwanga unamuumiza, na hawezi kusoma. Hayo aliniambia mama yake, maana Mama alinitaka nimpigie, nami nikapiga. Nilitafsiri maneno yaleyale ya Scarborough. Mama huyu hakucheka. Alisema, "Njooni kama mnataka. Siwezi kuahidi nitakuwa mtu mwema."

Mama alipoelewa alisema, "Hiyo ni haki yake."

Jioni hiyohiyo ndiyo tukakupigia wewe, nami naandika ulichosema ili usije ukadhani tulikuelewa vibaya. Ulisema ligi nzima itakucheka. Ulisema kocha atakuona mtoto mchanga anayefuatwa na mama yake, na mtu asiyetisha hana kazi kwenye timu ile. "Mkienda huko, msinipigie tena. Mimi sina kwetu huko Etobicoke."

Baba alitoka akasimama kwenye baraza bila koti, kwenye baridi ile.

Mama alisema, "Sawa, mwanangu. Sitakupigia. Lakini nitakwenda." Akakata yeye, kabla yako. Halafu akaingia jikoni akafungua bomba la maji, na akaliacha linatiririka bila kuosha chochote.

Ninaogopa, Kaka. Sijui nitasema nini mlango ule ukifunguliwa. Kutafsiri nimezoea, nimemtafsiria Mama kwa daktari, shuleni na kwa mwenye nyumba. Lakini nikijaribu kukisikia kichwani kile ambacho yule mama atauliza, nakisikia kimoja tu: "Na yeye yuko wapi?" Mama atanitazama nimweleze ameulizwa nini. Nitamweleza. Kisha wote wawili watasubiri jibu, nami sitakuwa na la kutafsiri. Siwezi kuomba msamaha kwa niaba yako. Nilijaribu kuuandika kwa maneno mazuri, nikafuta, kwa sababu haukuwa wako.

Na ninaogopa kwamba utatimiza ulilosema. Nimewaza hata kumwambia Mama naumwa. Bila mimi hawezi kwenda, hilo unalijua, na pengine ndiyo maana ulinitumia mimi peke yangu ule ujumbe wa mwisho: "Wewe ndiye unayeweza kumzuia." Nimeusoma mara nyingi. Ndiyo, naweza kumzuia, lakini sitafanya hivyo. Usiniulize ninampenda nani zaidi, wewe au yeye, maana si hilo.

Sitaki uache hoki. Sitaki hata uniambie leo kwamba hutapigana tena, kwa sababu ungeahidi halafu kocha angekugonga begani. Nataka tu ukaingie kwenye chumba kile chenye mapazia, umwone Owen akiwa amekaa, umwambie jina lako kwa sauti ya kawaida. Ulimwambia neno moja kabla ya kumpiga. Mwambie jingine.

Basi letu ni la Jumamosi asubuhi, lile linalopanda kaskazini. Nimeangalia ramani: linapita mjini kwenu na kusimama robo saa kwenye kituo cha mafuta karibu na kiwanda, abiria wanyooshe miguu. Mama hafungui ukurasa huu, kwa hiyo hajui bado kwamba nakuambia haya. Mimi nitashuka. Nitasimama pale ambapo mtu akitoka barabarani ananiona, na koti langu la njano, na kiti cha pembeni yangu nitakuwa nimekiwekea begi. Dereva akitaka kumpa abiria mwingine kiti hicho, nitamwambia kina mtu.

Ni mimi, mdogo wako.